Uwanja wa Shule Nao ni Kitabu

Na Mkufunzi wa Sayansi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa, nikimsikiliza mwanachuo wetu akiwafundisha watoto wa Darasa la 4 habari za maisha ya kipepeo. Andalio lake la somo lilikuwa safi, malengo yake yalieleweka, na mchoro alioubandika ubaoni ulionyesha vizuri hatua 4: yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili. Watoto waliitikia kwa pamoja kila walipoulizwa. Somo lilipokaribia kwisha, mtoto mmoja wa kike aliinua mkono, akasema: "Mwalimu, kiwavi kama huyo tulimwona asubuhi. Tulikuwa tunafyeka pale karibu na bendera, tukamponda." Darasa likacheka. Mwanachuo naye akatabasamu, akasema, "Vizuri, kaa," kisha akaendelea na zoezi la kuandika.

Nilimpa mwanachuo yule alama nzuri, maana kwa kanuni za ufundishaji tulizomfunza alistahili. Lakini nikiwa njiani kurudi chuoni nilijiuliza swali ambalo halijaniacha mpaka leo. Watoto hao walikuwa na kiwavi hai saa 1 asubuhi, wakiwa na mafyekeo mikononi. Saa 4 walikuwa na kiwavi wa karatasi, wakiwa na kalamu mikononi. Kati ya masomo hayo 2, ni lipi waliloondoka nalo? Mimi nachelea kwamba ni lile la asubuhi. Walijifunza kwamba kiwavi ni uchafu, na uchafu huondolewa.

Maoni ninayotaka kuyatoa hapa ni haya. Desturi yetu ya kuufanya uwanja wote wa shule kuwa ukoka uliofyekwa hadi kwenye udongo, pamoja na maua machache ya kigeni yaliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, inamnyang'anya mwalimu wa shule ya msingi zana bora kuliko zote, tena isiyogharimu fedha. Inawanyang'anya pia ndege, nyuki na vipepeo wa mahali hapo chakula chao na makazi yao. Hatuna budi kurudisha sehemu ya uwanja huo kwa mimea ya asili. Nasema sehemu, wala sisemi uwanja wote. Watoto wanahitaji mahali pa kucheza mpira, mahali pa kupanga mstari na njia safi za kupita.

Desturi hii ilitoka wapi?

Yafaa tutenganishe mambo 2 ambayo mara nyingi huchanganywa. Wazee wetu walifagia nyua zao, na walikuwa na sababu ya maana: penye udongo mtupu nyoka huonekana upesi, moto wa kiangazi haufiki nyumbani, na mtoto mchanga hutambaa kwa usalama. Lakini ua huo ulikuwa mdogo, na nyuma yake palikuwa na miti ya matunda, ya dawa na ya kivuli, na baada ya hapo pori. Hakuna aliyefikiri kufagia nchi nzima.

Uwanja mpana wa majani mafupi ni jambo jingine. Huo ulikuwa fahari ya matajiri wa Uingereza, waliokuwa na ardhi ya kutosha kiasi cha kuiacha isilimwe wala isizae chochote. Kwanza majani hayo yalikatwa kwa miundu mirefu au kuliwa na kondoo. Kisha mwaka 1830 Mwingereza aitwaye Edwin Budding akapata hataza ya mashine ya kukatia majani, na desturi hiyo ikawafikia watu wa kipato cha kati. Maofisa wa kikoloni walipokuja huku walikuja nayo. Nyumba za uzunguni zilizungukwa na majani yaliyokatwa. Ofisi ya wilaya vivyo hivyo. Shule nazo zikafuata. Wakoloni wameondoka, lakini fyekeo limebaki mkononi mwa mtoto.

Jambo la kuchekesha ni kwamba nyasi zenyewe si ngeni. Ukoka ni mmea wa kwetu, na ng'ombe na mbuzi wanaufahamu kuliko sisi. Kilicho kigeni ni kuukata kila wiki, usiweze kutoa ua wala mbegu, na kuukataza mmea mwingine wowote usiote kati yake. Ukoka unaoachwa ukakua huwalisha ndege kwa mbegu zake na panzi kwa majani yake. Unaofyekwa kila Ijumaa huwalisha wachache sana. Kwa hiyo mashtaka yangu hayauhusu mmea, yanaihusu tabia yetu.

Wenzetu tulioiga kwao wameanza kubadili mawazo. Tangu mwaka 2019 shirika moja la huko Uingereza liitwalo Plantlife limekuwa likiwaomba watu waache kukata majani ya bustani zao mwezi wote wa Mei, ili maua ya mwituni yapate kuchanua na nyuki wapate chakula. Je, sisi tuendelee kuilinda desturi ambayo wenyewe wameanza kuitilia shaka?

Kwa nini mimea ya asili?

Mwanachuo anaweza kuuliza: kama tunataka uhai uwanjani, si tupande mimea yoyote tu? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na mwalimu wa Sayansi hana budi kukielewa vizuri.

Mmea hauwezi kumkimbia mdudu. Kwa sababu hiyo hujikinga kwa sumu, utomvu, miiba na uchungu wa majani. Mdudu naye, kwa muda mrefu sana, hujizoeza kuushinda ulinzi wa mmea fulani, na mara nyingi akishauzoea huo hawezi kula mwingine. Chukua mfano wa kipepeo yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, aonekanaye karibu kila mahali Afrika Mashariki, ambaye wataalamu humwita Danaus chrysippus. Jike hutaga mayai juu ya mimea ya jamii moja yenye utomvu mweupe kama maziwa. Kiwavi hula majani yale yenye sumu asidhurike, na sumu ile hubaki mwilini mwake hata awapo kipepeo, hivyo ndege humwogopa. Ng'oeni mimea ile yote kwa kuwa ni "magugu", na kipepeo huyo hatakuwa na mahali pa kutaga, hata mkipanda maua mazuri kiasi gani. Maua humpa kipepeo kinywaji. Kinachomlea mtoto wake ni majani.

Wapo wadudu wachache waliojifunza kula mimea migeni. Kipepeo mkubwa mweusi na wa manjano, Papilio demodocus, hutaga juu ya michungwa na milimao iliyotoka Asia, kwa kuwa miti hiyo ina undugu na mimea ya kwetu aliyokuwa akiila tangu zamani. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani. Ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe 2 laini zenye harufu kali. Hakuna mchoro wa ubaoni utakaomfanya mtoto aruke nyuma na kucheka kama atakavyofanya akiliona jambo hilo kwa macho yake.

Sasa tazama ndege. Tunafundisha kwamba shomoro na mnana hula mbegu, nayo ni kweli. Lakini makinda yao hulishwa wadudu, kwa maana kinda huhitaji chakula laini cha kujenga mwili upesi. Pasipo viwavi na panzi, kinda hafiki siku ya kuruka. Basi mnyororo wa chakula tunaouchora kwa mishale ubaoni huanzia kwenye jani ambalo mdudu wa mahali hapo anaweza kulila. Shule iliyozungukwa na mimea isiyoliwa na mdudu yeyote ni ya kijani machoni, lakini kwa ndege ni jangwa.

Mfano ulio bora kuliko yote ni mkuyu. Mkuyu hutegemea nyigu mdogo sana, anayeingia ndani ya tunda changa kupitia tundu dogo, akabeba chavua na kutaga mayai humo. Bila mkuyu nyigu hana mahali pa kuzalia, na bila nyigu mkuyu haupati mbegu. Huko Misri mkuyu ulipelekwa tangu zama za kale bila nyigu wake. Mpaka leo watu wa huko huuotesha kwa vipandikizi, kwa kuwa tunda lake halina mbegu za kuotesha. Kwetu sisi mwenzi wake yupo, na matunda yake huwalisha ndege, popo na tumbili. Mwalimu akiwa na mkuyu mmoja ukingoni mwa uwanja, ana masomo ya muhula mzima.

"Asili" maana yake nini?

Neno hili lisitumiwe ovyo. Mmea wa asili ni ule uliokuwapo mahali fulani pamoja na wadudu na wanyama wa mahali hapo kabla mwanadamu hajauleta. Haitoshi kusema kwamba mmea ni wa Tanzania. Upo mti ambao watu wa Uganda huuita musizi. Ni mti wa asili katika nchi za Ziwa Viktoria. Ulipandwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20. Hondohondo wakala matunda yake na kueneza mbegu, nao ukaenea ndani ya msitu na kuisonga miti ya huko. Kumbe mti ulio mwenyeji Bukoba unaweza kuwa mvamizi Muheza!

Mimea mingine iliyoletwa kwa ajili ya uzuri tu imetugharimu mno. Magugu maji yaliyolisumbua Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yalitoka Amerika ya Kusini, na yalichukuliwa huku na huko duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau. Lantana, lile ua la rangi mchanganyiko lenye majani ya harufu kali, lilitoka Amerika ya kitropiki likiwa pambo na uzio; leo limejaa katika malisho, na mifugo inayolila hudhurika. Shule inayopanda lantana langoni haijipambi peke yake, inawapandia na majirani.

Hata hivyo mtu asinielewe vibaya akachukua shoka. Mwembe ulitoka Asia, mwarobaini vivyo hivyo, nao hutupa kivuli, matunda na dawa. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni anapojaza nyumba mpaka mwenyeji akalala nje, hapo kuna kasoro.

Na tusidhani kwamba kilicho chetu hakina uzuri. Mwaka 1892 ofisa mmoja Mjerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikusanya milimani Usambara ua dogo la rangi ya zambarau na kulipeleka kwao. Leo ua hilo hukaa katika vyungu madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na Wajerumani hulitaja kwa jina la Usambara. Watu wa mbali walivuka bahari na ua letu, nasi tunatumia fedha ya shule kununua maua ya kwao. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kosa langu mwenyewe

Sisemi haya kama mtu asiye na hatia. Nilipoanza kazi nilipewa dhamana ya mazingira katika shule moja ya kijijini. Nyuma ya madarasa palikuwa na kichaka cha mitopetope mwitu, mifuru na miti mingine ambayo sikuijua hata majina. Watoto walizoea kuchuma matunda humo wakati wa mapumziko. Mimi niliona aibu ya wageni. Kwa Jumamosi 2 tulifyeka, tukang'oa visiki, tukapanda ukoka. Watoto walibeba maji kwa ndoo toka mtoni ili ukoka ushike. Mgeni aliyekuja kukagua alisifu katika kitabu cha wageni kwamba mazingira ya shule yanapendeza, nami nilijiona nimefanya kazi.

Kiangazi kilipofika maji yalipungua mtoni, ukoka ukakauka, na vumbi likaingia madarasani. Hilo lingeweza kusahauliwa. Ambalo sijalisahau ni somo la Darasa la 3 kuhusu maumbo ya majani. Niliwaagiza watoto 40 kila mmoja aende nje akalete majani ya aina 10. Walizunguka uwanja mzima wakarudi na aina 3: mwembe, mjohoro na ua la uzio. Mtoto mmoja akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, mengine tuliyafyeka." Nilisimama mbele yao nikiwa na chaki mkononi, nikaanza kuyachora ubaoni yale majani ambayo miezi michache kabla yake yalikuwa hatua 20 kutoka dirishani.

Ndiyo maana mwanachuo wetu wa juzi sikuweza kumlaumu. Alifanya nilivyofanya mimi. Na ninyi mtafanya hivyo hivyo mtakapopewa zamu na mafyekeo, msipolifikiri jambo hili sasa.

Hoja za wanaopinga

Nimezungumza na walimu wengi juu ya jambo hili, nao wana hoja za haki zinazostahili majibu.

Hoja ya kwanza ni nyoka. Hofu hii si upuuzi, na mwalimu anawajibika kwa kila mtoto. Kwa hiyo sehemu ya mimea ya asili isiwe karibu na madarasa, vyoo wala kisima. Iwe pembeni, umbali wa mita 10 au zaidi. Izungukwe na njia iliyofyekwa, na ndani yake pawe na vijia vilivyo wazi. Marundo ya mawe, matofali na magogo yasiachwe mahali watoto wanapopita. Watoto wafundishwe kutoingiza mkono shimoni. Hayo ni mafunzo ya maisha kwa mtoto wa kijijini, ambaye shule au pasipo shule atakutana na nyoka.

Hoja ya pili ni mbu. Mbu wa malaria huzaliana katika maji yaliyotuama. Mitopetope haimzai mbu. Makopo, madimbwi na mitaro iliyoziba ndiyo imzaayo. Ni kweli mbu hupumzika katika majani wakati wa mchana, nayo ni sababu nyingine ya kuitenga sehemu hiyo mbali na madarasa na mabweni. Lakini shule yenye ukoka mfupi na mtaro uliojaa maji haijajikinga na lolote.

Hoja ya tatu ni mkaguzi. Wengi husema, "Akija atasema shule ni pori." Jibu langu ni kwamba pori na bustani hutofautishwa na mpango. Sehemu iliyopimwa, yenye mpaka ulionyooka, vijia safi, vibao vya majina ya mimea na daftari la kumbukumbu za wanafunzi, haiwezi kuitwa uzembe. Mwalimu mkuu aelezwe mapema, kamati ya shule ishirikishwe, na mkaguzi aonyeshwe daftari kabla hajaonyeshwa mimea.

Hoja ya nne ni kwamba watoto hawatajifunza kazi. La hasha. Watafanya kazi zaidi, tena kazi yenye maana. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 ilitaka kazi ya mikono na masomo viwe kitu kimoja. Fyekeo alipewalo mtoto aliyechelewa kama adhabu halimfundishi kazi; humfundisha kuichukia kazi, na kuyachukia majani pamoja nayo. Kukusanya mbegu, kuotesha, kutunza na kuandika habari za mmea ni kazi na ni somo.

Namna ya kuanza

Mwalimu mpya asianze kwa hotuba. Aanze kwa hatua ndogo, mradi zifuatane.

1. Tazama kabla ya kupanda. Tenga kipande cha mita 10 kwa 10, usikifyeke kwa msimu mmoja wa mvua, uone kitakachoota chenyewe. Udongo huhifadhi mbegu nyingi kuliko tunavyodhani. Huenda nusu ya kazi ikafanyika bila wewe.

2. Waulize wazee. Mwalike bibi au mzee wa kijiji aje shuleni awatajie watoto majina ya mimea kwa lugha ya mahali, na matumizi yake: huu wa kikohozi, huu wa mpini wa jembe, huu haukatwi. Maarifa haya hayamo katika kitabu cha kiada, na kila mzee anapofariki hupungua.

3. Ng'oa wavamizi, ukianza na lantana, kabla haijatoa mbegu.

4. Otesha mimea ya mahali ulipo. Ukiwa kwenye nyanda kavu, fikiria mgunga, mkwaju na mbuyu. Kwenye miombo, mninga na mpingo. Penye maji karibu, mkuyu. Mbegu ngumu za mgunga humwagiwa maji ya moto na kuachwa usiku kucha kabla ya kupandwa. Mkuyu huota kwa vipandikizi. Usiupande karibu na jengo, kwa kuwa mizizi yake ina nguvu. Mshubiri mwitu hupandwa kwa machipukizi yake, huvumilia kiangazi, na maua yake humleta chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda afyonzaye asali ya maua.

5. Chuja yenye hatari. Asili si sawa na usalama. Utomvu wa mnyaa huumiza macho vibaya sana, na upupu kila mtu anaujua. Mimea kama hiyo isiachwe mahali watoto wanapocheza. Wala mizinga ya nyuki isiwekwe uwanjani.

6. Nyasi zifyekwe mara moja kwa mwaka, baada ya mbegu kudondoka na kabla ya majira ya moto, na njia ya kuzuia moto ifanywe kuzunguka kipande hicho.

Kufundishia

Kipande hicho kisipofundishiwa kitarudi kuwa ukoka katika mwaka mmoja, kwa sababu hakuna atakayekitetea. Kwa hiyo kila somo lipate fungu lake. Katika Hisabati, watoto wa Darasa la 3 wahesabu aina za mimea katika mraba wa mita 1 ndani ya kipande, kisha katika mraba wa mita 1 wa ukoka, wachore grafu ya nguzo na kulinganisha. Katika Kiswahili, waandike insha ya maelezo juu ya mdudu mmoja waliyemtazama kwa dakika 10, bila kutumia neno "mzuri" wala "mbaya". Katika Jiografia na Mazingira, wachore ramani ya kipande na kukusanya majina ya mimea katika lugha za nyumbani kwao. Katika Sayansi, wamfuate kiwavi mmoja tangu yai hadi aruke, wakiandika tarehe za kila badiliko katika daftari.

Daftari hilo ndilo moyo wa kazi. Liandikwe na watoto wenyewe, kila wiki, kwa miaka. Mtoto wa Darasa la 1 wa leo, atakapofika mwisho wa shule ya msingi, asome aliyoyaandika aliyemtangulia: siku mkwaju ulipochanua, siku chozi alipoonekana mara ya kwanza, mwaka ambao mvua ilichelewa na vipepeo wakachelewa nayo. Watakuwa wameandika kitabu ambacho hakuna mchapishaji anayeweza kuwaletea.

Najua kwamba kipande cha mita 10 kwa 10 hakitarudisha msitu uliokatwa. Lakini tazama hesabu yake: kila mmoja wenu atakwenda kwenye shule, na kila shule ina uwanja, na katika kila uwanja hupita mamia ya watoto watakaokuwa wakulima, wafugaji, madiwani na wazazi. Namna watakavyolitazama jani watakapokuwa na mamlaka juu ya ardhi inategemea sana tulivyowafundisha kulitazama walipokuwa na fyekeo.

Nikirudi kwa yule mtoto wa Darasa la 4, laiti mwanachuo wetu angeacha zoezi la kuandika na kumwuliza: "Ulimwona juu ya mmea gani? Alikuwa anakula nini? Twende utuonyeshe." Swali hilo lingehitaji mambo 2: mwalimu aliye tayari kuliuliza, na mmea uliobaki umesimama. La kwanza ni jukumu letu sisi wakufunzi kuwafunza. La pili litakuwa mikononi mwenu Jumatatu ya kwanza mtakapopangwa zamu, watoto wamesimama mbele yenu wakiwa na mafyekeo, wakisubiri kuambiwa waanzie wapi na waishie wapi.